Udhuru wa Kukosa Nafasi

Siku hizi watu wengi mjini wanazungumza juu ya Ayurveda, elimu ya kale ya Wahindi kuhusu afya na maisha. Mmoja amesoma habari zake kwenye simu. Mwingine ameletewa kijitabu na mwanawe anayesoma ng'ambo. Mwingine amehudhuria semina hotelini, akalipa kiingilio, akanywa chai ya tangawizi, akarudi nyumbani na karatasi yenye mambo 15 ya kufanya kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Baada ya wiki mbili wote huja na jibu moja: "Mwalimu, mambo yenyewe ni mazuri, lakini mimi sina nafasi."

Nataka kulijibu neno hilo, na nitalijibu bila kumumunya maneno. Naona aliyeandika karatasi ile amekosea, na anayejitetea kwamba hana nafasi amekosea vilevile. Baina yao yupo mtu wa tatu, ambaye ndiye hasa hana nafasi, na hakuna anayemwuliza neno. Ni kwa ajili yake hasa nimeshika kalamu.

Kwanza tukubaliane tunazungumza juu ya nini. Ayurveda ni neno la Kisanskriti lenye maana ya elimu ya maisha. Ndani yake imo sehemu inayohusu mwenendo wa kila siku, nayo huitwa dinacharia. Imeelezwa katika vitabu vikongwe, kama vile Charaka Samhita, na katika Ashtanga Hridaya cha Vagbhata, ambacho wataalamu wengi hukiweka katika karne ya 7. Sura ya pili ya kitabu hicho cha Vagbhata yote inahusu jambo hili. Mimi nilivifahamu vitabu hivyo kwa tafsiri ya Kiingereza, nilizoazimwa na mwalimu mwenzangu wa hisabati, ambaye wazee wake walitoka Gujarat. Tulikuwa tukibishana juu yake jioni nyingi, na ubishi ule umenifaa mpaka leo.

Mambo yanayotajwa humo si mageni kama wengi wanavyodhani. Mtu mwenye afya aamke kabla ya jua kuchomoza. Aende haja. Apige mswaki kwa kijiti kibichi cha mti mchungu, mkali au wenye ukakasi, chenye urefu wa vidole 12 na unene wa kidole cha mwisho. Akwangue ulimi. Apake wanja. Adondoshe mafuta puani, asukutue, achue mwili kwa mafuta, afanye mazoezi, aoge, ndipo ale. Bibi zetu wa pwani walijua mswaki, wanja na kuchua mafuta bila kufundishwa na semina yoyote.

Kwa hiyo sitapoteza muda mrefu na wale wanaosema kwamba hayo ni ya Wahindi na hayatuhusu. Mtu anayesema hivyo aghalabu amepanda gari asubuhi, amekula chapati na achari mchana, na nyuma ya nyumba yake umesimama mwarobaini. Gari, chapati na achari ni maneno tuliyoyapata kutoka bara Hindi, na mwarobaini wenyewe asili yake ni huko huko. Bahari ya Hindi haikutenganisha watu; iliwakutanisha. Shirika la Afya Duniani nalo lilikubali mwaka 2022 kuanzisha kituo chake cha tiba asilia katika mji wa Jamnagar, Gujarat. Elimu hupimwa kwa manufaa yake, haipimwi kwa pasipoti.

Sasa nimgeukie mwenye karatasi ya mambo 15. Kosa lake ni kwamba amegeuza mwenendo ukawa bidhaa. Ukiisoma karatasi yake kwa makini utaona kila hatua ina kitu cha kununua. Ulimi una kikwangulio cha shaba. Pua ina kichupa. Mwili una mafuta ya aina tatu, na baada ya mafuta kuna unga wa kujisugua, na baada ya unga kuna vidonge. Mtu wa mshahara wa kawaida akiona hivyo huamini kwamba afya ni ya matajiri, naye hukata tamaa kabla hajaanza.

Vitabu vyenyewe havikuwa na ukali huo. Vagbhata anapoeleza kuchua mafuta anasisitiza sehemu tatu: kichwa, masikio na nyayo. Anasema pia kwamba aliyevimbiwa asijichue kabisa. Anapoeleza mazoezi anataka mtu mwenye nguvu atumie nusu tu ya nguvu zake katika majira ya baridi na ya machipuko, na pungufu ya hapo katika majira mengine. Anapotaka watu waamke alfajiri anamtaja mtu mwenye afya, hakumtaja mgonjwa. Huyo ni mwalimu anayejua kwamba wanafunzi hawalingani. Mwenye semina amechukua kitabu chenye huruma akakifanya kiboko.

Liko na jambo zito zaidi. Baadhi ya dawa za jadi hiyo hutengenezwa kwa makusudi na madini ndani yake. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa katika maduka ya eneo la Boston. Dawa 14 kati ya hizo zilikutwa na risasi, zebaki au arseniki. Ni moja katika kila tano. Basi nasema wazi: mwenendo wa siku hauhitaji kidonge hata kimoja. Anayekuambia kwamba huwezi kuamka mapema wala kula kwa wakati bila kununua kopo lake, huyo ni mchuuzi. Na mwenye kisukari, shinikizo la damu au kifafa asiache dawa za hospitali hata siku moja kwa sababu ya mswaki na mafuta ya ufuta. Malaria haitibiwi kwa kukwangua ulimi. Mwenendo mwema ni kinga, na kinga ina mipaka yake.

Baada ya kumwondoa mchuuzi, sasa tumkabili mwenye udhuru. Hebu tupige hesabu kama tulivyokuwa tukifanya darasani. Mswaki na ulimi ni dakika 5. Mafuta kidogo kichwani, masikioni na nyayoni, ambayo mtu anaweza kuyapaka usiku akiwa amekaa kitandani, ni dakika 5. Mazoezi ni dakika 20, na anayeshuka kituo kimoja kabla ya ofisi yake amekwisha kuyapata. Jumla ni nusu saa. Je, mtu huyu asiye na nusu saa alikuwa wapi jana kati ya saa 2 na saa 5 usiku? Alianza na taarifa ya habari, akaendelea na mpira, kisha akashika simu akatazama ugomvi wa watu asiowajua hadi macho yakamwasha. Nafasi alikuwa nayo. Aliitumia usiku, na asubuhi akadai kwamba ameibiwa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo zima. Dinacharia si mzigo wa kuongezwa juu ya siku iliyokwisha kujaa. Ni mpangilio wa saa. Mtu akipanga vizuri saa ya kulala na saa ya kula, amekwisha kushika sehemu kubwa ya elimu hiyo hata kama hajawahi kuona tone la mafuta ya ufuta. Asipozipanga, basi hata akikwangua ulimi kwa kikwangulio cha dhahabu, atakuwa amepaka rangi nyumba inayovuja.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tungepaswa kulielewa hili kabla ya wengine, maana saa yetu imefungwa kwenye jua. Mwingereza huanza kuhesabu siku usiku wa manane, watu wakiwa wamelala. Sisi saa yetu ya kwanza huja baada ya jua kuchomoza, na saa 6 jua liko utosini. Nchi yetu iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua halituchezei. Huchomoza karibu na saa 12 mwaka mzima kwa tofauti ndogo. Wahindi wa kale waligawa muda katika vipindi vya dakika 48 viitwavyo muhurta. Kipindi walichokipenda kwa kuamka, brahma muhurta, huanza dakika 96 kabla ya jua na kwisha dakika 48 kabla yake. Kwa Dar es Salaam hiyo ni kama saa 10 na dakika 40 hadi saa 11 na nusu alfajiri. Mwislamu anayeamkia sala ya alfajiri yuko jirani kabisa na muda huo. Mkristo anayewahi misa ya asubuhi hayuko mbali nao. Mkulima na mvuvi hawahitaji kuambiwa.

Lakini kuamka mapema bila kulala mapema ni kujidhulumu, na hili wahubiri wa alfajiri hawalisemi. Anayelala saa 6 usiku na kuamka saa 10 alfajiri hafuati Ayurveda, anajikondesha. Vagbhata mwenyewe anasema mtu aliyekesha bila mazoea alale asubuhi, kabla ya kula, nusu ya muda aliokesha. Kumbe walijua kwamba usingizi ni deni, na deni halifutwi kwa kujikaza. Mwaka 2017 Tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, kwa kugundua jinsi chembe hai za mwili zinavyoendesha saa yake ya ndani, inayofuatana na mchana na usiku. Sisemi kwamba ugunduzi huo umethibitisha kila neno la Charaka; la hasha. Nasema tu kwamba mwili una saa, na asiyeiheshimu hulipa.

Pili ni chakula. Walimu wa Ayurveda hufundisha kwamba moto wa tumbo huwa mkali mchana, kama jua, na hufifia usiku. Kwa hiyo mlo mkubwa uwe wa mchana na wa usiku uwe mwepesi na wa mapema. Maneno yao ni ya moto na jua. Maabara za leo zinatumia maneno mengine, lakini zimeona kwamba mwili huhimili sukari vizuri zaidi mapema kuliko usiku. Sisi tunafanyaje? Mchana mfanyakazi anapoza njaa kwa soda na andazi moja, kwa sababu mkutano umepita saa ya chakula. Saa 3 usiku anakabidhiwa mlima wa ugali na nyama, anaumaliza, anajitupa kitandani. Asubuhi anashangaa kwa nini kifua kinamwaka na hana hamu ya chai. Vagbhata anataka tumbo ligawiwe mafungu manne: mawili ya chakula, moja la kinywaji, na moja liachwe wazi. Waislamu wanayo mafundisho yao yanayofanana sana na hayo, ya theluthi tatu. Kugawa tumbo hakuhitaji nafasi. Kunaokoa nafasi, na fedha pia.

Tatu ni jambo ambalo katika semina halitajwi, labda kwa sababu halina chupa ya kuuza. Vitabu hivyo vinaorodhesha haja 13 za mwili ambazo mtu asizizuie, na miongoni mwake zimo mkojo, choo, njaa, kiu, usingizi, chafya, miayo na hata machozi. Mtu wa shughuli nyingi huzizuia zote kwa siku moja na kujisifu kwamba ni mchapakazi. Abiria wa basi la mbali hubana mkojo kwa saa 4 akingoja dereva aone huruma na kuwasimamisha wachimbe dawa. Mtoto darasani huinua kidole na kusema, "Mwalimu, naomba nje," naye huambiwa asubiri kengele. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu niliwakataza walimu wanafunzi kumnyima mtoto ruhusa hiyo. Baadhi walinung'unika kwamba watoto watatumia mwanya huo kutoroka kipindi. Niliwajibu kwamba somo likiwa zuri mtoto atarudi.

Sasa nifike kwa yule mtu wa tatu. Charaka, anapoendelea kueleza mwenendo wa siku, hutaja pia manukato, mashada ya maua, vito, viatu na mwavuli. Msomaji mwenye akili atajiuliza vitabu hivi vinamzungumzia nani. Ni dhahiri vinamzungumzia mwanamume mwenye mali na watumishi. Mafuta yake yalipashwa moto na mtu mwingine. Maji yake yalitekwa na mtu mwingine. Alipokuwa ametulia akitafakari alfajiri, kuna aliyekuwa ameinama jikoni akipuliza kuni, na mwenendo wa siku wa huyo haukuandikwa popote.

Nyumbani kwetu huyo aliyeinama ni mke, au binti, au msichana wa kazi. Nimeona nyumba ambazo bwana amerudi kutoka semina akiwa mtu mpya. Anataka maji ya vuguvugu akiamka, mafuta yapashwe, kifungua kinywa kisiwe cha jana, chakula cha usiku kiwe tayari saa 12 na nusu. Anasema amefanikiwa kuingiza Ayurveda katika maisha yake yenye shughuli nyingi. Hakufanikiwa lolote. Amehamisha shughuli zake na kuziweka mgongoni kwa mkewe, ambaye naye anaamka saa 10 alfajiri, wala si kwa kutafakari, bali kwa kuwasha jiko, kukanda maandazi ya kuuza, kuwavalisha watoto na kuwahi daladala. Ukimwuliza mwanamke huyo kwa nini naye hafuati ratiba ya mumewe, atakujibu hana nafasi, na kwake huo si udhuru. Ni kweli tupu.

Wapo watakaosema kwamba ndivyo kazi za nyumbani zilivyogawanywa tangu enzi, na kwamba mwalimu mzee anataka kuvuruga ndoa za watu. Nawajibu kwamba afya ya nyumba haigawanyiki. Hakuna nyumba yenye baba mwenye mpangilio na mama aliyechakaa ikawa nyumba yenye afya. Ukitaka mlo wa mapema wa jioni, basi kata mchicha, osha vyombo, au wasimamie watoto wakati mwenzako yuko jikoni. Ukitaka maji ya moto, chemsha, na uchemshe ya watu wawili. Vijana wa kiume wana mikono, ndoo haibagui. Na ningeomba kila nyumba ishike sheria moja rahisi: anayeamka wa kwanza awe wa kwanza kulala. Sheria hiyo pekee ingeondoa maradhi mengi kuliko vidonge vyote vya semina.

Vilevile wapo ambao saa zao zimeshikwa na watu wengine. Muuguzi wa zamu ya usiku, mlinzi, dereva wa lori, mtoto anayengoja basi la shule saa 11 alfajiri huku akisinzia barabarani: hawa tusiwahubirie nidhamu. Tuwahubirie wanaopanga zamu na ratiba. Nimepiga kengele ya chuo kwa miaka mingi, na najua kwamba mwenye kengele ndiye mwenye dinacharia ya wote. Kengele ya chakula ikilia saa 7 mchana, watu 400 wanakula saa 7. Mkuu akirefusha mkutano hadi saa 9, watu 400 wanashinda na njaa. Mwajiri anayeitisha kikao saa ya chakula, mwalimu mkuu anayeweka masomo ya ziada kabla ya jua, msimamizi anayebadilisha zamu kila siku mbili, hao wana uwezo wa kuponya au kuumiza kuliko mganga yeyote. Kabla hawajalipia semina ya afya kwa wafanyakazi wao, watazame kwanza ratiba waliyoibandika ukutani.

Msomaji anaweza kuuliza, basi nianzie wapi? Asianze na mafuta wala asianze na alfajiri. Aanze na chakula cha usiku. Wiki hii akisogeze nyuma kwa saa moja, akipunguze kwa theluthi, na yeye mwenyewe ashiriki kukiandaa na kuosha vyombo. Simu ailaze sebuleni. Kulala mapema kutafuata, kuamka mapema kutafuata kulala, na hamu ya kula asubuhi itamjia bila kuitwa. Mwezi ukiisha, kama bado anataka kukwangua ulimi na kupaka nyayo mafuta, afanye hivyo kwa raha zake, kwa mafuta ya ufuta wa Lindi au ya nazi ya nyumbani kwao. Na kama baada ya hayo yote bado ataniambia hana nafasi, nitamwomba aende kwanza jikoni, amwulize aliyeko huko analala saa ngapi.